Mangi Anapokataa Lipa Namba

Mtaani kwetu Mbagala kuna duka lenye kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: KESHI TU. Pembeni yake, ukuta huohuo, limebandikwa tangazo la wakala wa miamala lenye rangi za mitandao mitatu. Juzi kijana mmoja aliyeshika mfuko wa unga aliomba Lipa Namba, yaani namba ya kumlipa mwenye duka kwa simu. Mwenye duka, au mangi kama tunavyomwita mtaani, alikuwa anamhudumia mama aliyekuja kutoa hela, akamjibu huku macho yako kwenye simu ya uwakala: "Keshi tu, mdogo wangu. Kama huna, toa hapahapa." Kijana akatoa, akakatwa makato, akalipa, akaondoka akinung'unika kwamba wafanyabiashara wetu wamepitwa na wakati.

Kauli hiyo ya kupitwa na wakati naisikia kila kona. Inasemwa kwenye semina za wajasiriamali, kwenye hotuba za mabenki na kwenye mabishano ya mitandaoni. Wanaoisema wana hoja, na nitaieleza hapa. Lakini hebu tumtazame tena yule mwenye duka. Mkono mmoja anakataa Lipa Namba, mkono wa pili anaendesha uwakala. Anajua kuweka, kutoa, kurudisha muamala uliokosewa na kupanga floti (mtaji wa miamala) ya mitandao mitatu ili jioni isimkute mmoja umekauka. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, watu wa maduka kama lake ndio walioibeba mgongoni mpaka ikafika vijijini. Mtu huyo haogopi teknolojia. Anaijua kwa undani kuliko anayemcheka, na kwa kuwa anaijua, ameipigia hesabu. Swali linalofaa ni hili: katika hesabu yake ameona nini?

Nianze na upande wa wanaotaka aache keshi, maana hawasemi uongo. Fedha taslimu ina gharama ambazo tumezizoea mpaka hatuzioni. Kuna chenji inayokosekana na mteja anapewa kiberiti badala ya shilingi 100 yake. Kuna noti bandia. Kuna mfanyabiashara wa mkoani anayekuja Kariakoo kufungasha mzigo, amelala kwenye basi na milioni kadhaa zimefungwa kiunoni, na kila anayemgusa anamshtua. Kuna mtoto wa duka anayejikatia kidogokidogo, na tajiri hajui hadi mtaji umeisha. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na Lipa Namba ni daftari linalojiandika lenyewe.

Hoja yao nzito zaidi ni ya haki. Mwalimu, nesi na karani wanakatwa kodi kabla mshahara haujafika mkononi. Hakuna anayewauliza wana maoni gani. Kwa nini basi mwenye duka apokee fedha usiku na mchana, kisha siku ya makadirio akae mbele ya afisa wa Mamlaka ya Mapato na kusema biashara ni mbaya? Barabara anayopitishia mzigo imejengwa kwa kodi ya yule karani. Hoja hii nimeisikia kutoka kwa marafiki zangu walioajiriwa, na sijawahi kupata jibu rahisi la kuwapa. Wapo wenye maduka wanaoficha, na wapo wanaoficha mengi. Atakayekana hilo hajakaa sokoni.

Huo ndio upande wa kwanza, na una watetezi wa kutosha: serikali, mabenki, kampuni za simu, na sisi wateja tusiopenda kutembea na pochi. Upande wa pili una mtu mmoja nyuma ya nondo za dirisha, na hana muda wa kuandika makala.

Nina shangazi mwenye duka Morogoro, na ninalijua daftari lake vizuri kwa sababu kila nikienda likizo ni mimi ninayelijumlisha. Ana unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni za vipande, soda, mikate, na pembeni genge dogo la nyanya, vitunguu na mayai. Nilipomuuliza kwa nini hataki Lipa Namba, hakuanza na kodi. Alianza na nyanya. Nyanya anazinunua kwa watu wanaoshuka nazo kutoka Mgeta alfajiri. Yule mkulima anataka keshi, kwa sababu naye atampa keshi mwenye gari, atanunua dawa ya kupulizia, na kule juu milimani anakolala wakala mwenye floti ya kutosha hapatikani kila siku. Kuli aliyeshusha tenga anataka keshi. Boda aliyeleta mzigo anataka keshi, maana anapitia kituo cha mafuta. Mwanamke anayemletea mayai anataka keshi. Shangazi akaniambia: "Wewe unanilipa kwa simu, mwanangu, lakini mimi simu simlipi mtu."

Sentensi hiyo nimeifikiria sana, na naona ndani yake ndimo lilimo jambo ambalo semina hazilioni. Tunazungumza kana kwamba fedha ya kwenye simu ikishafika kwa mwenye duka safari yake imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza. Duka la rejareja limekaa mpakani. Upande wa mbele kuna wateja ambao mshahara wao unaingia benki na matumizi yao yako kwenye simu. Upande wa nyuma kuna wakulima, makuli, madereva na wauzaji wa jumla ambao mzunguko wao ni wa noti. Lazima mtu mmoja kati yao abadilishe fedha ya simu kuwa noti, na kubadilisha huko kuna makato. Mteja akilipa keshi, amebadilisha yeye kwa gharama yake. Akilipa kwa namba, gharama hiyo imehamia kwa shangazi. Ugomvi wa pale dirishani, kati ya kijana na mangi, ni ugomvi wa nani alipe kivuko hicho cha kutoka simu hadi noti.

Lugha yetu ya mitaani inalijua hili siku nyingi. Ukimtumia ndugu hela, anakwambia "tuma na ya kutolea". Hakuna anayemwona ndugu huyo kuwa mshamba. Sote tunajua kwamba elfu kumi ya kwenye simu haijawa elfu kumi ya mkononi. Mangi anadai hichohicho, ila yeye hawezi kumwambia mteja wa sabuni ya shilingi 500 aongeze ya kutolea.

Sasa pima uzito wa kivuko hicho kwenye faida ya rejareja. Tuchukue kwamba duka la mchanganyiko linapata wastani wa asilimia 8 juu ya mauzo. Sukari na unga hazifiki hapo, pipi na viberiti vinazidi. Hata kama kubadilisha fedha kunagharimu asilimia 1 tu ya kiasi, hiyo ni sehemu moja ya nane ya faida yote. Kwenye sukari yenye faida ya asilimia 4, ni robo. Mteja anaona shilingi chache, mwenye duka anaona robo ya alichoamkia.

Hapo hatujagusa kodi, na kodi ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu ndipo mtu huyu anapohukumiwa vibaya zaidi.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilipanga kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 11 na milioni 100 kwa mwaka alipe asilimia 3.5 ya mauzo. Rudia neno hilo: ya mauzo. Kodi haiangalii faida. Nia ilikuwa njema, kwamba mtu asiye na mhasibu apate njia nyepesi ya kulipa. Lakini milioni 11 kwa mwaka ni kama shilingi 30,000 kwa siku. Duka gani la mtaani linalouza sukari na mafuta halifikishi 30,000? Na milioni 100, inayosikika kama mali ya tajiri, ni shilingi 274,000 kwa siku, kiasi ambacho duka zuri la kona lenye unga wa kutosha linakifikia bila mwenyewe kuwa na gari wala nyumba.

Chukua duka linalouza 150,000 kwa siku, kila siku, Idi na Krismasi likiwa wazi. Kwa mwaka ni shilingi 54,750,000. Faida kwa asilimia 8 ni 4,380,000. Kodi ya asilimia 3.5 ya mauzo ni 1,916,250. Yaani karibu asilimia 44 ya faida imekwenda kabla ya pango, umeme, leseni na mshahara wa kijana anayesaidia. Faida ikishuka hadi asilimia 5, kama inavyoshuka mwezi ambao bei za jumla zimepanda na wateja wamegoma kupandishiwa, kodi ileile inakula asilimia 70. Kinyozi wa jirani mwenye mauzo sawa, ambaye bidhaa yake ni mikono na umeme na anabakiza tuseme asilimia 60, kodi hiyo inamgusa kwa chini ya asilimia 6 ya anachobakiza. Kiwango ni kimoja, lakini mmoja ameng'atwa na mwingine hata hajashtuka.

Tumweke sasa mwenye duka huyo kando ya yule karani anayetajwa kwenye hoja ya haki. Tuseme pango la duka ni 100,000 kwa mwezi. Ondoa 1,200,000 kwenye faida ya 4,380,000, zinabaki 3,180,000 kwa mwaka, sawa na 265,000 kwa mwezi, na bado hajalipa umeme wala leseni. Mwajiriwa wa Tanzania Bara anayepata 265,000 kwa mwezi halipi kodi ya mshahara hata senti moja, kwa sababu kodi hiyo inaanza baada ya 270,000. Wawili hawa wana kipato kimoja. Mmoja halipi kitu. Mwingine, sheria ikifuatwa neno kwa neno, analipa 1,916,250. Msamaha wa chini kabisa unasema hivyohivyo: mwajiriwa amesamehewa kwenye mapato ya 3,240,000 kwa mwaka, mfanyabiashara amesamehewa kwenye mauzo ya milioni 4, na mauzo ya milioni 4 kwa faida ya asilimia 8 ni shilingi 320,000 kwa mwaka mzima. Hiyo ni chini ya 27,000 kwa mwezi. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi nikidhani nimekosea mahali.

Mtu atasema: mbona maduka hayajafungwa yote? Hayajafungwa kwa sababu sheria haifuatwi neno kwa neno, na kila mtu anajua. Kuna makadirio. Afisa anakaa na mfanyabiashara, anaangalia shelfu, anasikiliza, wanavutana, wanafika kwenye namba ambayo mmoja anaweza kuipeleka ofisini na mwingine anaweza kuilipa. Mfumo huo una uchafu wake, ikiwemo rushwa na uonevu, na wanaopaza sauti zaidi ndio wanaopunguziwa. Siusifu. Lakini ndio uliokuwa unaziba pengo kati ya kiwango kilichoandikwa na faida iliyopo. Watu waliweza kuishi na kodi ile kwa sababu mauzo kamili hayakuonekana.

Lipa Namba inakuja na mwanga. Kila muamala una tarehe, saa na kiasi. Mauzo yote yanaweza kuonekana kwa mara ya kwanza, wakati kiwango kilichowekwa katika zama za kukadiria hakijaguswa. Na mwanga wenyewe unamulika upande mmoja. Fedha iliyoingia inaonekana. Nyanya zilizooza siku ya Jumapili hazionekani, wala keshi aliyopewa mkulima wa Mgeta ambaye hatoi risiti, wala kuli, wala boda. Mbele ya karatasi ile mwenye duka wetu anaonekana mtu wa milioni 54.

Upo mlango mwingine kisheria: mfanyabiashara anaweza kuchagua kutunza hesabu kamili na kutozwa kwenye faida. Ila mlango huo unahitaji mhasibu, na risiti za manunuzi ambazo genge la nyanya halina. Kwa duka la ukubwa huu ada ya mhasibu ni mzigo wa unga.

Kwamba hofu hii si ndoto ilionekana India. Nchi hiyo ilifanya karibu kila kitu ambacho wataalamu wanashauri. Malipo ya simu kwa mfumo wa UPI yanaingia benki papo hapo, na tangu Januari 2020 muuzaji hakatwi ada. Wauza chai na mboga walibandika alama ya kuskani kila mahali. Kisha Julai 2025 idara ya kodi ya jimbo la Karnataka ikachukua takwimu za UPI za miaka ya nyuma na kutuma barua kwa maelfu ya wafanyabiashara wadogo ambao mapokezi yao yalivuka rupia milioni 4 kwa mwaka, kiwango cha kujisajili kwa kodi ya bidhaa. Waliopata barua walikuwemo wauza maziwa na mboga, vitu ambavyo vingine havitozwi kodi hiyo hata kidogo. Katika jiji la Bengaluru, ambalo dunia inalijua kwa kampuni za teknolojia, vibao vya keshi tu vikarudi mitaani ndani ya siku chache. Baada ya wafanyabiashara kutangaza kufunga maduka, Waziri Mkuu wa jimbo, Siddaramaiah, alikaa nao na kusema madeni ya nyuma hayatadaiwa ila wajisajili. Naiona India kuwa funzo kubwa kuliko yote kwa sababu kule makato hayakuwepo. Kivuko kilikuwa bure, na bado watu walirudi nyuma walipoona mwanga unatumiwaje.

Sisi wenyewe tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ilianza Tanzania, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya kampuni. Kelele zikawa kubwa, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena lakini ikapelekwa mpaka kwenye mabenki, na ndani ya miezi michache ikabidi ipunguzwe mara nyingine. Uganda walipita njia hiyo mwaka 2018: asilimia 1 mwezi Julai, na kufika Novemba imekuwa asilimia 0.5 ya kutoa tu. Tozo zilipunguzwa, nakubali. Lakini mangi alijifunza kwamba fedha ikikaa kwenye simu inaweza kuwekewa bei asubuhi moja bila yeye kuulizwa. Mtu aliyejifunza hivyo akiamua kutunza noti kwenye boksi la biskuti, hajapitwa na wakati. Anakumbuka.

Kariakoo ilisema haya kwa sauti kubwa. Mei 2023 maduka yalifungwa siku kadhaa hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukaa na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, na Juni 2024 yakafungwa tena. Waliokuwa nje walisikia neno moja, kukwepa kodi. Ndani ya malalamiko yenyewe kulikuwa na kamatakamata ya barabarani, ukaguzi wa stoo, na namna risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, inavyoweza kumbana muuzaji wakati aliyemuuzia kwa jumla hakumpa yake. Tatizo ni lile la shangazi, limekuzwa tu: mtu wa katikati anadaiwa uwazi ambao walio nyuma yake hawana.

Turudi kwenye faida zinazotajwa na upande wa kwanza nizipime kwa haki. Kumbukumbu za miamala, tunaambiwa, zitamfungulia mfanyabiashara mkopo. Ni kweli kwamba asiye na hati ya nyumba hana cha kuonyesha benki, na historia ya mauzo ingeweza kusimama badala yake. Lakini mwenye duka tayari ana mkopo: mali kauli. Muuzaji wa jumla anampa katoni kumi za sabuni leo, anaandika kwenye daftari, na analipwa wiki ijayo bila riba kwa sababu wamefahamiana miaka. Ukimtaka aache mkopo huo, mletee ulio bora. Alicholetewa kwa wingi ni mikopo ya kwenye simu, na baadhi yake ilikuwa ya kudhalilisha hadi Benki Kuu ikapiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni mwezi Novemba 2024. Hata ile halali ya kuongezea salio ina tabia moja inayomuumiza mchuuzi: ukiwa na deni, kila kinachoingia kinamezwa papo hapo. Mama lishe anayepokea malipo kwenye namba yake binafsi anaweza kuuza sahani ishirini mchana na jioni akakosa hela ya mchele, kwa sababu deni limejilipa lenyewe kabla yeye hajapanga kitu.

Usalama nao una pande mbili. Keshi huibwa, na muamala hughushiwa. Meseji ya uongo yenye jina la mtandao imewatia hasara wengi kwenye foleni ya jioni, mteja anaonyesha simu, muuzaji ana watu sita dirishani, anaamini, usiku salio halipo. Na mtandao ukisumbua? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku hizo noti hazikuyumba.

Sisemi keshi ni bora. Nikiwa mkweli, natamani shangazi asihifadhi hela chini ya gunia, na natamani asiogope kubisha hodi kwenye ofisi ya kodi. Ninachokataa ni mpangilio wa mageuzi haya, ambao karibu wote unaanzia kwa mteja na kuishia dirishani. Tazama punguzo la bajeti ya 2025/26: mnunuzi anayelipa kwa njia ya kielektroniki akatwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 badala ya 18. Ni wazo zuri, linalompa mtu sababu badala ya kumtisha. Lakini kodi hiyo inatozwa na waliosajiliwa, na kiwango cha kusajiliwa ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Supamaketi ina cha kupunguza. Mangi hana. Kwa hiyo mteja mwenye simu anavutwa aende supamaketi, na mangi anabaki na lawama ya kukataa maendeleo.

Mambo ambayo yangembadilisha yako nyuma ya duka lake. La kwanza ni kiwango kinachotambua kwamba muuza sukari si kinyozi, chenye kutazama faida ya aina ya biashara. La pili ni ahadi ya kisheria kwamba miamala itakayoonekana kuanzia sasa haitatumika kumfukua mtu miaka iliyopita, kabla hatujafika walikofika Bengaluru. La tatu ni mnyororo wa jumla kupokea na kulipa kwa namba, maana fedha ikiweza kuingia na kutoka bila kugeuzwa noti, kivuko hakihitajiki. Msingi wa kiufundi upo. Watumiaji wa mitandao tofauti wa Tanzania wanatumiana fedha tangu mwaka 2014, kabla ya nchi nyingi za Afrika, na Benki Kuu ina mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo unaounganisha mabenki na simu.

La tatu nimelishuhudia kwa macho. Mwaka jana gari la soda na gari la mikate yanayopita mtaa wa shangazi yalianza kupokea malipo kwa simu, kwa sababu madereva walichoka kuporwa. Hakuna aliyemfanyia semina. Mwezi uliofuata nilimkuta ana Lipa Namba imetundikwa kwa kamba dirishani, na fedha iliyoingia kwa wateja wa jioni ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwa mtu wa soda asubuhi, bila kupita kwa wakala. Nikamuuliza kibao cha KESHI kiko wapi. Akaigeuza ile karatasi ya namba: nyuma yake ameandika KESHI kwa mkono. Kuanzia Alhamisi jioni anaigeuza upande huo, kwa sababu Ijumaa alfajiri watu wa Mgeta wanashuka na nyanya.